Watumishi wa Udongo



Mwezi Machi mwaka 1974 wakulima waliokuwa wakichimba kisima karibu na mji wa Xi'an, nchini China, walikuta vipande vya sanamu za udongo wa kuchoma. Wataalamu walipoendelea kuchimba waliona jeshi zima: askari wenye kimo cha mtu, farasi na magari ya vita. Hukadiriwa kuwa askari hao ni kama 8,000. Walifinyangwa wamlinde kaburini mfalme Qin Shi Huang, aliyefariki mwaka 210 K.K.

Kabla ya kustaajabia ufundi huo, yatupasa kuuliza: zamani kabla ya sanamu, wafalme walizikwa na nini? Walizikwa na watu. Katika makaburi ya wafalme wa Shang, huko Anyang, imefukuliwa mifupa ya watu wengi waliouawa ili wafuatane na bwana zao. Mwaka 621 K.K., alipokufa Mu, mtawala wa Qin, watu 177 walikufa pamoja naye. Mtawala mwingine wa Qin, Xian, aliipiga marufuku desturi hiyo mwaka 384 K.K. Hata hivyo, mwanahistoria Sima Qian aeleza kwamba masuria wa Qin Shi Huang wasio na wana waliuawa, na mafundi wakafungiwa kaburini wasije wakatoa siri zake.

Basi sanamu ya udongo iliokoa maisha ya watu wengi, nasi tushukuru. Lakini tamaa ilibaki ile ile: kupata mtumishi asiyechoka, asiyeugua, asiyedai mshahara. Mfalme Jing wa ukoo wa Han, aliyekufa mwaka 141 K.K., aliwekewa sanamu ndogo za watumishi, hata nguruwe na kondoo wa udongo. Mikono ya watumishi wale ilitengenezwa kwa mbao, nguo zao zilikuwa za kitambaa. Vyote vikaoza. Leo wamesimama uchi, bila mikono, hawawezi kumpa bwana wao hata kikombe cha maji.

Ndugu zangu, sisi hatuziki sanamu. Lakini tuangalie majumbani mwetu. Yule msichana anayeamka kabla ya jogoo kuwasha moto, na kulala wa mwisho, twamjua jina la baba yake? Akiugua, twampeleka zahanati, au twamwambia amalize kwanza vyombo? Mwisho wa mwezi twampa haki yake, au twamhesabia sahani zilizovunjika? Tukimtaka asichoke wala asiseme, tumemfanya wa udongo angali hai. Mfinyanzi wa China alichonga sanamu apate mtumishi; sisi twachukua mtu aliyepuliziwa pumzi na Mungu, twamgeuza sanamu.

Wafalme wale waliwashusha watumishi wao kaburini kwa ajili yao wenyewe. Bwana wetu alifanya kinyume. Alijifunga kitambaa akawaosha miguu wanafunzi wake (Yohana 13), kisha akashuka kaburini peke yake kwa ajili ya watumishi. Hakuacha mlinzi wa udongo mlangoni. Na askari hai waliowekwa hawakuweza kumzuia asitoke.

Jumapili hii, kabla hatujaikaribia Meza ya Bwana, na tumwite anayetutumikia, tumwulize habari zake, tena tuketi tumsikilize.

Bwana atujalie. Amina.