Ada ya Asiyejiunga

Je, ni haki mtu kukatwa fedha kwa ajili ya chama ambacho hakujiunga nacho? Swali hili nimelibeba kwa muda mrefu, na nakiri kwamba mwanzoni nililijibu kwa hasira kuliko kwa akili.

Mwaka 2009 nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Wenzangu wengi, hasa akina mama waliokuwa wakikata minofu, walikuwa wanachama wa chama cha wafanyakazi. Mimi sikujiunga, na nilijiona mjanja. Ada yangu ilibaki mfukoni, na chama kilipofunga mkataba wa hali bora na mwajiri, nyongeza ya mshahara na gari la kuturudisha nyumbani usiku nilivipata sawasawa na waliochanga. Mwezi uliofuata nikaona katika hati yangu ya mshahara makato mapya: ada ya uwakala. Nikamwendea mwenyekiti wa tawi, mama mmoja wa Kikerewe, nikamwambia kuwa huo ni wizi. Hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Mwanangu, lile gari la usiku wewe hulipandi?"

Nilikwenda kuitafuta sheria, nikitumaini kupata pa kumshika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kwamba chama chenye wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi hustahili kutambuliwa kuwa msemaji wao pekee mbele ya mwajiri, na kwamba pande zote mbili zijadiliane kwa nia njema. Mkataba ukishapatikana hapo, unawagusa hata wasio wanachama. Kwa hiyo sheria hiyo hiyo inaruhusu chama na mwajiri kukubaliana kwamba asiyejiunga naye akatwe kitu.

Sisi wa Usukumani jambo hili si geni. Sungusungu walipoanza katika miaka ya 1980, ulinzi wa usiku ulikuwa wa kijiji kizima. Mwizi wa ng'ombe akifukuzwa, amefukuzwa kwa wote, kwa aliyekesha na kwa aliyelala. Ndiyo maana asiyetoka doria alitozwa faini, na watu wengi waliona kuwa ni sawa. Lakini sote tunajua pia kwamba mahali pengine sungusungu hao hao walipiga na hata kuua watu kwa tuhuma tupu. Haki ya kumdai jirani mchango haikuwapa haki ya kufanya watakavyo.

Wenzetu wa Marekani walilipeleka swali hili katika Mahakama Kuu yao. Mwaka 1977 mahakama hiyo ilikubali kwamba mtumishi wa umma asiye mwanachama anaweza kutozwa gharama za majadiliano. Mwaka 2018, katika shauri la Mark Janus, mtumishi wa jimbo la Illinois, majaji watano dhidi ya wanne waliutengua uamuzi huo. Walisema kumlipisha mtu kwa ajili ya maneno asiyoyaamini ni kuingilia uhuru wake wa kusema. Hoja hiyo siidharau. Hata hivyo naona imelinda upande mmoja na kuuacha mwingine, kwa maana anayechanga bado analazimika kumbeba asiyechanga, na akichoka naye ataacha. Mwisho wake hatabaki wa kukaa mezani na mwajiri.

Sisi nasi tumeonja ubaya wa upande wa pili. Mwaka 1964 serikali ilivunja vyama vya wafanyakazi vilivyokuwapo na kuunda kimoja, NUTA, ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Mfanyakazi alichanga, lakini hakuwa na uwezo wa kumwondoa aliyesema kwa niaba yake. Mchango wa namna hiyo unafanana zaidi na kodi.

Hivyo basi, kwa maoni yangu ada ni haki pale tu deni linapokuwa la pande mbili. Sheria yetu imeliona hilo. Inakataza kumlazimisha mtu kuwa mwanachama. Inataka ada ya uwakala isizidi ile ya mwanachama. Inataka fedha hizo ziwekwe katika akaunti ya peke yake na zitumike kwa maslahi ya wafanyakazi wa mahali pale, si kwa chama cha siasa. Anayekula jasho la mwenzake analipa, na anayepokea malipo anatoa hesabu.

Mimi hatimaye nilijiunga. Katika mkutano wangu wa kwanza nilisimama nikauliza hesabu ya akaunti hiyo, na ikaonekana daftari halikuwa limeandikwa kwa miezi mingi. Yule mama aliona aibu, akaagiza liletwe mkutano ujao, na likaletwa. Tulipotoka nje aliniambia, "Swali hilo ungetuuliza mwaka jana, kama ungekuwa ndani."

Tangu siku hiyo, nikimsikia mtu akilalamikia makato, namuuliza kwanza kama amewahi kuhudhuria mkutano. Na nikimsikia kiongozi akimlaumu asiyejiunga, namuuliza daftari liko wapi.