Tufunge ngamia wetu

Ndugu Waislamu, kijana niliyemsomesha madrasa alianguka na bodaboda akiwahi swala ya Ijumaa. Hakuvaa kofia ngumu. Alikuwa amehifadhi juzuu tano. Leo hata Al-Fatiha inamponyoka. Nami, mwalimu wake, nimepakiwa naye mara nyingi kichwa wazi, nikisema Allah atatulinda.

Tafiti zaonesha kuwa kofia ngumu huwapunguzia wapanda pikipiki hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Mtume (s.a.w) alimwelekeza aliyemuuliza amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee. Kuacha kofia si tawakkul, ni uzembe. Akili ni amana, na asiye nayo kalamu imeondolewa kwake.

Tuvae, hata twendapo msikitini. Wabillahi tawfiq.