Mzigo Wako na Mzigo wa Ndugu Yako

Somo: Wagalatia 6:1–5; Mathayo 25:1–13

Katika mlango mmoja wa Wagalatia, Paulo anasema mambo mawili yanayoonekana kugongana. Mstari wa 2 anatuagiza tuchukuliane mizigo. Mistari mitatu baadaye anasema kila mtu ataubeba wake. Sasa tushike lipi? Swali hili si la wasomi wa Biblia peke yao. Linaingia kwa simu zetu kila wiki mchango ukiitishwa: karo, kodi ya nyumba, hospitali, mazishi. Nikisema hapana, nimetenda dhambi?

Huko Ulaya kuna mashindano ya baiskeli yanayoitwa Transcontinental, yaliyoanzishwa mwaka 2013 na Mwingereza Mike Hall. Washindani huvuka bara, karibu kilomita 4,000, na saa haisimami usiku wala mchana. Ukilala, inaendelea kuhesabu. Sheria kuu ni kujitegemea. Hakuna gari la kukufuata na chakula, hakuna fundi wako anayekungoja mbele, na huruhusiwi kujificha nyuma ya mwenzako akukingie upepo. Chakula na kitanda unanunua njiani, pale ambapo kila mshindani anaweza kununua.

Kwa sababu hiyo, mbio hizi huanza miezi mingi kabla ya siku yenyewe. Mshindani huchagua mwenyewe njia ya kupita kati ya vituo vilivyowekwa. Anajifunza kuziba pancha gizani, mvua ikinyesha. Anapima kila kitu anachofunga kwenye baiskeli: taa, tyubu, pampu, koti. Anauzoesha mwili kukaa kwenye kiti kile siku nzima, na kesho tena, na kesho kutwa tena.

Mwaka 2019 mbio zilianzia Burgas, Bulgaria, zikaishia Brest, Ufaransa. Aliyefika wa kwanza kati ya wote, wanaume kwa wanawake, ni Fiona Kolbinger wa Ujerumani, mtafiti wa saratani mwenye miaka 24. Alitumia siku 10, saa 2 na dakika 48. Kabla yake hakuna mwanamke aliyewahi kushinda mbio hizo. Hata angekuwa na marafiki wengi namna gani, hakuna ambaye angemkopesha miguu siku ile. Mazoezi hayaazimwi.

Hapo ndipo tunawaelewa wale wanawali watano wenye busara. Wengi wetu tumewaona kama wachoyo, ati si wangegawa tu? Lakini kuna mafuta yasiyogawika. Naweza kukuombea, lakini siwezi kutubu kwa niaba yako. Naweza kukuchangia pesa ya kuanza biashara, lakini kuamka alfajiri ukafungue kibanda ni kazi yako. Katika Kigiriki, Paulo alitumia maneno mawili tofauti. Mzigo wa mstari wa 2 ni baros, uzito unaomlemea mtu. Ule wa mstari wa 5 ni phortion, furushi ambalo msafiri hubeba mwenyewe. Na hilo la pili ndilo neno la Mathayo 11:30, Yesu anaposema kwamba mzigo wake ni mwepesi.

Lakini ngoja, usikimbie na nusu ya neno. Machi 2017 Mike Hall mwenyewe alikuwa Australia, akishindana peke yake kutoka Fremantle kwenda Sydney, zaidi ya kilomita 5,000. Karibu na Canberra aligongwa na gari akafariki. Waandalizi wakasimamisha mashindano. Huyu ni mtu aliyejua kujiandaa kuliko wengi wetu, na bado alikutwa na jambo ambalo maandalizi hayakuweza kulizuia. Kwa hivyo ukimwona ndugu amelala chini, usiharakishe kusema hakujipanga.

Angalia tena mstari wa 4. Paulo anasema kila mtu aipime kazi yake mwenyewe. Hakusema aipime ya jirani. Mstari wa 5 ni wa kujiambia mimi; mstari wa 2 ni wa kumtendea mwenzangu. Shida yetu ni kwamba tunaigeuza. Mama wa kibarua akikosa karo Januari, tunamhubiria mstari wa 5: kwani hakujua shule zitafunguliwa? Na sisi tulio na mshahara, tukimaliza pesa kwa mambo yasiyo na maana, tunakimbilia mstari wa 2 na kudai kanisa lina upendo baridi.

Na wewe unayelemewa kimya kimya kwa sababu hutaki kusumbua watu, sema. Hizi si mbio za kutafuta nani alifika bila kusaidiwa.

Wiki hii, kabla hujajibu ombi la mchango, jiulize kwanza: furushi langu mwenyewe nimelibeba? Kisha mtazame huyo anayeomba kwa ule upole wa mstari wa 1, halafu utoe ulichoweza, au umwambie ukweli kwa upendo.

Tuombe: Bwana, tupe bidii ya kubeba vilivyo vyetu, na macho ya kumwona aliyelemewa. Katika jina la Yesu, Amina.