Kisanduku cha kampuni sebuleni kwangu

Majuma mawili yaliyopita niliambiwa nisiguse kitu kilichomo ndani ya nyumba yangu. Kitu chenyewe ni kisanduku cheupe chenye pembe mbili. Kimekaa juu ya kabati la vyombo, karibu na picha ya marehemu mama, na taa zake zinakonyeza usiku na mchana, kila umeme unapotuhurumia.

Kisa ni hiki. Intaneti ya nyumbani ilikuwa inajikokota kama lori la shaba kwenye barabara ya mpakani Kasumbalesa. Nalipa kila mwezi, kwa dola, na sichelewi. Mpwa wangu anayesoma chuo hapa mjini akafungua ukurasa wa kile kisanduku, ambacho ndicho ruta yetu ya intaneti, akahesabu vifaa vilivyoungwa: kumi na saba. Nyumbani tuko watu watano, na mmoja wetu ana miaka mitatu. Kumbe nilikuwa nalisha mtaa mzima! Wala haukuwa uchawi. Fundi aliyetufungia aliweka neno la siri lilelile analoweka katika kila nyumba ya barabara yetu. Vijana wanaokaa ukutani kwangu jioni, ambao mimi nilidhani wanapenda kivuli cha mwembe wangu, walikuwa wanalijua kwa moyo.

Nikasema basi tulibadilishe. Ukurasa ukakataa. Jina la mwenye mamlaka, lile linaloruhusu kubadili mambo, liko kwa kampuni. Mimi nimepewa jina la mgeni, la kutazama tu. Nikapiga simu. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu, siwezi kumsingizia. "Papa, usiguse ile," akasema. "Haiko yako, iko ya kampuni. Fundi atakuja." Lini? "Wiki yenye kuja, Papa."

Haiko yako. Nililala na neno hilo siku nne.

Pengine kwingine mtu angelisikia na kulisahau. Sisi wa Lubumbashi, huku Kongo, tunalijua kwa undani. Kampuni ya migodi ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, mji wenyewe ukafuata mwaka 1910, na kwa vizazi viwili au vitatu mfanyakazi wa migodi aliishi katika nyumba ya kampuni, akala posho ya kampuni, akatibiwa katika hospitali ya kampuni, watoto wake wakaenda shule ya kampuni. Baadaye jina likawa Gécamines, lakini mpango wa maisha haukubadilika sana. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alitoa kitabu mwaka 2001 juu ya familia hizo, na kichwa chake kwa Kifaransa ni sawa na kusema: watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba anayesemwa hapo si mzee wa nyumba peke yake, ni kampuni pia. Miaka miwili baadaye, mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya elfu kumi wakaondoka Gécamines katika ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Waulize wazee wa Lubumbashi neno "hiari" lilikuwa na maana gani.

Najua, ruta si nyumba. Msomaji mmoja ameshacheka hapo alipo. Lakini kisanduku hiki ni mlango: kila ujumbe wa mke wangu, kila kazi ya shule, kila pesa ninayotuma kwa programu ya simu nikiwa nyumbani hupitia humo. Mlango wa nyumba yangu, funguo kwa mwingine, na nakala ya funguo kwa watoto wa mtaa.

Basi Jumamosi nikashuka mjini, upande wa Poste, nikanunua ruta yangu mwenyewe kwa dola arobaini na tano. Kwetu intaneti inatoka kwenye antena ya paa, inashuka kwa waya hadi ndani, kwa hiyo nilidhani ni kuchomoa huku na kuchomeka kule. Wapi! Taa ikawaka, intaneti haikuja. Mpwa wangu akanieleza kwamba kila kifaa cha namna hii hutoka kiwandani na namba yake, kama namba ya kitambulisho, na kampuni ilikuwa imeandika namba ya kile kisanduku cheupe, kingine haikijui. Akakigeuza, akasoma karatasi iliyobandikwa tumboni, akainakili ile namba ndani ya ruta mpya. "Yaani tunaivalisha sura ya ile," akasema. Dakika moja, intaneti ikaja. Kwa wenye fibra ni kazi nyingine: kifaa kinachopokea waya wa kioo kwa kawaida kinabaki, na unaomba kampuni ikifanye kiwe daraja tu, kupitisha bila kutawala, halafu ruta yako ikae nyuma yake. Wengine wanadaiwa jina na neno la siri la mkataba, na hilo bila kampuni hulipati.

Sasa yule anayecheka anapaza sauti: "Cha kampuni kikiungua, kampuni inaleta kingine bure. Chako kikiungua?" Hapo ana haki, na katika mji huu ana haki mara mbili, maana umeme wetu unaua vyombo zaidi unaporudi kuliko unapokwenda. Nimekubali hasara hiyo. Nimeiunga ruta kwenye betri ya volti 12 ya sola, kwa kuwa yenyewe inakula volti 12 (soma kwanza karatasi ya yako, ziko za 9 na za 5), na ule umeme wa kurudi kwa hasira haunigusi tena. Halafu hiyo "bure" niitafute wapi? Wazee wa pwani walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako.

Anaongeza: "Wewe ni mwandishi, unajua nini cha usalama? Waachie wenye kazi." Hilo nimelifikiria zaidi. Ni kweli ruta iliyonunuliwa na kusahauliwa, bila kusasishwa programu yake, ni hatari. Lakini wenye kazi nao tumewaona. Mwaka 2016 programu mbovu iliyoitwa Mirai ilizunguka dunia ikifungua vifaa kwa orodha ya maneno ya siri kama sitini tu, yale ya kiwandani ambayo hakuna aliyejisumbua kuyabadilisha. Mwezi Novemba mwaka huo, shambulio la ukoo huohuo liliangusha ruta za wateja karibu laki tisa wa Deutsche Telekom huko Ujerumani, likigonga mlango uliowekwa kwa ajili ya kuvisimamia vifaa kutoka mbali. Karibu miezi minne kabla, tarehe 1 Agosti, sheria ya nchi hiyohiyo ilikuwa imeanza kuwapa wateja haki ya kuchagua ruta yao, na kampuni ikawajibika kuwapa namba na majina ya kuiungia. Marekani walipigana vita hivyo mapema, kwa simu ya waya: mwaka 1968 mamlaka yao ya mawasiliano iliamua kwamba kifaa cha bwana Carter wa Texas, kisichotengenezwa na kampuni ya simu, kiruhusiwe kuungwa kwenye mtandao wa AT&T. Mtandao haukufa.

Sitaki kudanganya mtu. Ruta yangu haiongezi kasi ninayonunua, na serikali ikifunga bomba kubwa haina la kufanya. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2018 tulikaa karibu siku ishirini bila intaneti baada ya uchaguzi, na sanduku la dhahabu lisingetusaidia. Jirani mmoja ananiambia tuhamie Starlink, iliyopewa leseni nchini mwezi Mei 2025. Sawa, lakini nayo inakuja na ruta yake.

Ninachotaka kwa ARPTC, ambao ndio wasimamizi wetu wa mawasiliano, ni kidogo: anayelipa apewe funguo, na anayetaka kuweka chake asiambiwe "usiguse".

Fundi alikuja Alhamisi. Kisanduku cheupe alikikuta kwenye katoni, kimefutwa vumbi. Tulikuwa tumebakiza jina lilelile la mtandao, kwa hiyo alitoa simu yake, akangoja iingie yenyewe kama zamani. Haikuingia. Akatabasamu, akaniomba neno jipya la siri. Nikamwandalia chai na mkate. Neno sikumpa.