CHINI YA MRETEMU
(Somo: 1 Wafalme 19:1-18)



Eliya alikuwa ameshinda. Moto ulikwisha shuka juu ya Karmeli, na mvua ilikwisha nyesha. Lakini ujumbe mmoja wa Yezebeli ulitosha kumvunja moyo. Alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaingia jangwani peke yake, akaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Naye alikuwa nabii, wala si mtu asiyejua kusali.

Hata katika nyumba zetu wamo waketio chini ya mretemu. Mama huamka amechoka, na kazi aliyoipenda haina ladha tena. Kijana hali vizuri, na usingizi umemkimbia. Hali hiyo ikidumu majuma mawili au zaidi, huenda ni ugonjwa uitwao sonona. Nasi twasema upesi, "Imani yake ni haba." Je, Mungu alimwambia Eliya hivyo? La, hasha!

Kwanza, alimpa usingizi, mkate na maji. Pili, alimwuliza swali, akamwacha aseme yaliyomo moyoni. Eliya alidhani amebaki peke yake. Mungu akampa hesabu ya kweli: wako 7,000. Tatu, alimrudisha kazini, akampa Elisha awe mwenzi wake.

Siku hizi wataalamu wametunga mafunzo ya kujisaidia kwa watu wenye sonona nyepesi, yapatikanayo katika simu kwa njia ya intaneti. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, mjini Canberra, kilianzisha programu iitwayo MoodGYM. Shirika la Afya Duniani nalo lilitunga Step-by-Step, yenye vipindi vitano. Ilijaribiwa Lebanoni kwa wenyeji na kwa wakimbizi kutoka Syria, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa sonona yao ilipungua kuliko ya wale waliopata huduma ya kawaida.

Mafunzo hayo hayana uchawi. Mgonjwa hufundishwa kuanza tena kazi ndogo ndogo kabla hamu haijarudi: kufagia ua, kumwagilia mboga, kumtembelea jirani. Hufundishwa kutuliza pumzi, na kulipima wazo linalomtesa kama ni kweli, kama vile Eliya alivyopimiwa lile wazo la kubaki peke yake. Tena hufaa kwa mwenye haya, na kwa aliye mbali na mganga. Basi mtu asione aibu kuyatumia, wala asidhani amemwacha Mungu. Mkate wa Eliya nao ulikuwa mkate wa kuliwa.

Lakini sikieni jambo hili. Wengi huanza mafunzo hayo wakiwa peke yao, wakaacha njiani. Huwafaa zaidi wenye mtu wa kuwafuatia. Kule Lebanoni wasaidizi waliofundishwa, ambao hawakuwa mabingwa wa magonjwa ya akili, waliwasiliana na kila mtu kama robo saa kwa juma. Robo saa! Ni nani kati yetu aliyekosa robo saa kwa ajili ya ndugu yake? Tunakaa zaidi ya hapo nje ya kanisa baada ya ibada, tukizungumza habari za mvua na bei ya sukari.

Tena, simu si dawa ya kila hali. Mtu asiyeweza tena kula wala kuinuka kitandani, au anayewaza kujiua, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, wala asiachwe peke yake hata kidogo. Naye aliyepewa dawa na daktari asiziache kwa sababu ya mafunzo hayo.

Wapenzi, juma hili kila mmoja amkumbuke mtu mmoja ambaye kiti chake kanisani kimekuwa kitupu. Nenda kwake. Usimhubirie. Chukua chakula, keti, uliza, kisha usikilize.

Ee Bwana, uliyemlisha mtumishi wako jangwani, uwainue waliochoka, ukatufanye sisi kuwa wenzi wao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mchungaji wenu.