Pauni ya Dhahabu Iliyo ya Uwongo: Ipelekwe Wapi?

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeweka mizani ili watu wasidhulumiane, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, katika miji yetu hii ya pwani ziko nyumba nyingi ambamo dhahabu ya zamani imehifadhiwa, na khasa zile pauni za Kiingereza ambazo wazee wetu walizifanya akiba ya siku ya dhiki na pambo la siku ya furaha. Bibi humwachia mjukuu, na mume humtolea mke mahari. Kisha siku moja huja haja, pauni ikapelekwa kwa sonara, naye akaipima, akaisugua juu ya jiwe lake, akasema: hii si dhahabu. Hapo ndipo dini ya mtu ijulikanapo. Mbele yake pana njia mbili: ameze khasara yake, au amtafute mtu asiyejua ampe.

Kwanza yapasa ijulikane kwamba uwongo wa sarafu una namna mbili, na kila namna ina hukumu yake. Pauni ya sahihi ina uzito wa gramu 7.98, nayo ni dhahabu ya karati 22, yaani dhahabu safi iliyomo ni gramu 7.32. Namna ya kwanza ya uwongo ni shaba au madini nyingine iliyopakwa dhahabu juu, na ndani hamna kitu. Hiyo aghlabu hufichuliwa na mizani, kwani ikiwa sawa kwa ukubwa huwa nyepesi, na ikiwa sawa kwa uzito huwa nene. Lakini siku hizi hutumiwa pia tungsteni, ambayo uzito wake hukaribia sana ule wa dhahabu, hata mizani peke yake isitoshe. Namna ya pili ni sarafu yenye dhahabu kweli, ila imepunguzwa, au chapa yake ndiyo ya uwongo. Katika miaka ya 1950 walikuwako mafundi Italia na Sham waliokuwa wakipiga pauni za bandia, na nyingine zilikuwa na dhahabu kamili, kwa kuwa pauni iliuzwa kwa bei iliyopita thamani ya dhahabu yake. Hiyo ni miongoni mwa sababu zilizoifanya serikali ya Uingereza irudie kupiga pauni mwaka 1957.

Ama namna ya kwanza, Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, ameieleza katika Ihya, kwenye mlango wa adabu za kuchuma. Amesema kwamba mwenye kuingiliwa mkononi na sarafu isiyo na kitu ndani yake, basi na aitupe kisimani, mahali ambapo mkono wa mtu hautaifikia tena. Sababu aliyoitoa ni nzito. Mwizi aibapo, dhambi yake ni moja na imekwisha. Lakini mwenye kupitisha sarafu ya uwongo amefungua mlango asioweza kuufunga: atakayeipokea atampa mwingine, na huyo mwingine, na kila anayedhulumiwa kwayo, sehemu ya dhambi humrudia yule aliyeianzisha, hata akiwa yumo kaburini miaka mia. Amebahatika, asema Imamu, yule ambaye akifa dhambi zake hufa pamoja naye. Na hayo yanakubaliana na hadithi ya Mtume wetu iliyomo katika Sahihi Muslim, kwamba mwenye kuanzisha mwendo mbaya hubeba mzigo wake na mzigo wa wenye kuufuata.

Huenda mtu akasema: mimi nitamwambia mnunuzi kwamba ni ya uwongo, nami nimetoka dhimani. Imamu Ghazali amelijibu hili pia. Ukijua kwamba huyo anainunua ili akamdanganye mwingine, basi umemsaidia katika dhulma, mfano wa mwenye kumuuzia zabibu mtu ajuaye kwamba atazigeuza ulevi. Nani atoaye pesa nzuri kwa pauni ya shaba, ila mwenye nia ya kuipitisha?

Basi katika zama zetu, kutupa kisimani maana yake ni kumpa sonara aikate vipande mbele ya macho yako, isibaki na sura ya pauni. Na ikiwa yuko mtu anayeziuza mjini, ipelekwe kwa wenye amri ipate kuwa ushahidi, kwani kupitisha sarafu za bandia hata sheria ya nchi imekataza.

Ama namna ya pili, yenye dhahabu ndani yake, hiyo haitupwi, kwani kupoteza mali ni haramu. Imamu Nawawi amesema kwamba fedha iliyoghushiwa ni makuruhu kukaa nayo, bali iyeyushwe na kusafishwa. Basi iuzwe kwa uzito na karati yake, kama dhahabu tu, si kama pauni. Na hapa jihadharini na riba: msibadilishane dhahabu hii mbovu kwa dhahabu njema kwa kuzidishiana. Mtume wetu alipoletewa tende nzuri za Khaibar zilizobadilishwa pishi moja kwa mbili za tende mbovu, alikataza, akaelekeza kwamba mbovu ziuzwe kwa fedha, kisha kwa fedha hiyo zinunuliwe nzuri. Basi na iuzwe kwa shilingi, nazo shilingi zinunue mtakacho.

Sasa tuziangalie nyudhuru ambazo shetani huwapambia watu. Wa kwanza husema: nami nimedanganywa, na dawa ya moto ni moto. Ewe ndugu yangu, aliyekuunguza wewe ni mmoja. Yule unayetaka kumuunguza ana kosa gani? Haki yako iko kwa aliyekuuzia. Ukimjua, mrudie mara moja pasi na kuchelewa, mbele ya mashahidi, kwa kuwa mwenye kununua kitu chenye aibu ana haki ya kukirudisha na kupewa thamani yake. Na sarafu yenyewe ikatwe hapo hapo. Akikataa, mshitaki. Usipomjua, subiri, na malipo yako yako kwa Mola wako.

Wa pili husema: mnunuzi ni mgeni, tena si Muislamu. Hili ni neno la ujinga. Watu wa Nabii Shuaibu waliangamizwa kwa kuwapunja watu vitu vyao, na Mwenyezi Mungu amesema watu, hakusema waumini. Baadhi ya wafasiri wameeleza kwamba katika maovu yao ilikuwamo kukatakata sarafu.

Wa tatu husema: nitaitoa sadaka. Huyu amemfanyia istihzai Mola wake. Sura ya Baqara imetukataza kukusudia kutoa kibaya ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Na maskini akienda nayo dukani, ndiye atakayeitwa mwizi.

Wa nne ndiye mwenye kutia huruma: ni wasii wa mayatima, amefungua sanduku la marehemu akaona pauni kumi, na nne ni shaba. Husema: nikizitupa, watoto watakula nini? Twamwambia: watoto hawakupungukiwa kitu, kwani hizo nne hazikuwa mali tangu hapo. Ukizipitisha, utakuwa umewalisha haramu wasiyoijua, na hesabu yake ni juu yako. Kazi ya wasii ni kuzipima pauni zote kabla ya kugawanya. Ikiwa mirathi imekwisha gawanywa, na mrithi mmoja, na aghlabu huwa ni mwanamke, akaangukiwa na zile za uwongo, basi mgawanyo huo una kasoro na yapasa urudiwe, khasara iwaenee wote kwa kadiri ya mafungu yao. Si halali ndugu wanaume kumwambia dada yao: hiyo ndiyo bahati yako.

Na mahari ni vivyo hivyo. Mume aliyeahidi pauni tano za dhahabu, akatoa tano zilizopakwa, hata kama hakujua, deni lingali shingoni mwake. Mambo haya ya mahari na mirathi yapelekwe kwa Kadhi. Na katika zaka ya pauni zilizowekwa akiba, huhesabiwa dhahabu iliyomo tu. Ikifikia nisabu, nayo ni gramu 85 za dhahabu safi, na mwaka ukapita, zaka imewajibika.

Ndugu zetu, Mtume wetu alitia mkono wake katika lundo la chakula sokoni, akakuta maji chini yake, akamuuliza mwenyewe kwa nini hakukiweka juu watu wakaona, kisha akajitenga na mwenye kughushi. Hakumuuliza kuhusu sala yake. Basi na tuipime swafu yetu ya msikitini kwa mizani yetu ya sokoni.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu yako, na utufishe hali ya kuwa hatuna dhulma ya mtu shingoni mwetu. Amin.

Wallahu aalam.