Je, Meno ya Mtoto ni ya Nani?



Daktari akisema kwamba meno ya mtoto yamepandana na yafaa kuwekewa vyuma vya kuyanyoosha, mara nyingi nyumbani huzuka ubishi. Mama husema, "Binti yetu asichekwe shuleni." Baba hujibu, "Chuma kukaa kinywani miaka miwili kitamtia sumu." Ubishi wa namna hii waweza kuingia nyumba yoyote, Kosele kama Nairobi. Yafaa tuutazame kwa utulivu.

Tuanze na hofu ya baba. Vyuma hivyo kwa kawaida ni vya aina isiyoshika kutu, yenye kromi kiasi cha asilimia 18 na nikeli kiasi cha asilimia 8. Nyaya nyingine huwa na nikeli nusu nzima. Ni kweli kwamba mate huyeyusha nikeli kidogo. Lakini kiasi hicho huwa kidogo kuliko kile tunachokula kila siku katika chakula cha kawaida, na watoto wengi hawadhuriki. Wachache miili yao huikataa nikeli. Kama masikio ya binti yenu huwasha au kutoa majimaji akivaa herini za bei rahisi, mwambieni daktari mapema. Viko vifaa visivyo na nikeli.

Hatari kubwa zaidi iko kwingine. Chakula hunasa kwenye vyuma, na sukari ya soda na peremende huzaa asidi inayokula meno. Vyuma vikiondolewa, madoa meupe hubaki. Pengine hata mizizi ya meno hufupika kidogo. Basi usalama wa mtoto hutegemea zaidi mswaki wa kila siku na kurudi kwa daktari kila baada ya wiki chache.

Hapo ndipo swali la dhamiri linapoingia, kwa maana mzigo huo wote ataubeba mtoto. Je, sisi wazazi tuna haki gani juu ya kinywa chake?

Wazee wetu Wajaluo walikuwa na desturi ya nak, yaani kung'oa meno sita ya mbele ya chini. Ilikuwa alama ya kuacha utoto. Wengine huieleza pia kwamba pengo lile lilisaidia kumlisha mgonjwa wa pepopunda taya zikikaza. Hawakuwachukia watoto wao. Waliwatakia heshima kati ya watu. Lakini fikira za watu juu ya uzuri zikabadilika, na meno yale hayakurudi.

Hapa tuna fundisho. Mzazi ni mlinzi wa mwili wa mtoto, wala si mwenye mali. Mtoto asiyeweza kuuma chakula, au ambaye meno yake yanamjeruhi ufizi, ana haki ya kutibiwa. Lakini tukitaka vyuma ili majirani waone kwamba tunajiweza, hapo tunatumia kinywa cha mtoto kwa sifa zetu.

Kwa hiyo, mume na mke, kaeni pamoja kabla ya kumjibu daktari. Ulizaneni: Je, atapata nafuu ya kweli? Tutaweza kumaliza, pamoja na nauli za kwenda mjini na karo za ndugu zake? Vyuma vilivyoachwa bila kuangaliwa ni vibaya kuliko meno yaliyopandana. Kisha mwulizeni mwenyewe. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, lakini mtoto wa miaka 12 anajua kusema anachotaka, na bila nia yake mswaki hautashikwa.

Mkikubaliana kutoviweka, msimwachie mama peke yake kazi ya kumweleza. Mketisheni nyote wawili, mwambieni sababu waziwazi, na mkomesheni kaka au dada yeyote anayemcheka kwa ajili ya meno yake.